Padiri wa Bwawa la Mukantabana

Mukantabana wa Burungu ni jirani yangu, na kwa ubishi hana mpinzani. Ukoo mzima unafuga ng'ombe. Yeye, baada ya kufiwa na mume, alichimba bwawa bondeni akafuga samaki. Shemeji yake Mbonigaba alilitaka bonde hilo kwa ng'ombe wake. Akampa hadi Pasaka: bwawa lisipotoa samaki, bonde linachukuliwa.

Kwaresima ikamleta tai. Makao yake ni kule kwenye maziwa ya Mokoto, ila alihamia kwenye mkaratusi ulio juu ya bwawa. Kichwa na kifua vyeupe, tumbo la kahawia, mabawa meusi: tukamwita Padiri. Kila alfajiri alishuka bila kupiga bawa, akatanguliza miguu, akanyakua tilapia bila hata kulowa tumbo. Nilimchukia ndege yule, nasema kweli.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Mukantabana alichukua kombeo, tukajificha kwenye matete. Tai akashuka.

"Piga!" nikanong'ona.

Hakupiga. Alikuwa anatazama maji.

"Dada, ona. Huyu hazamake. Anakamata tu yenye iko juu. Sasa sababu ya nini samaki yote iko juu?"

Nikatazama. Bwawa zima lilikuwa midomo, ikifunguka na kufumbika. Samaki walikosa pumzi. Kikulacho ki nguoni mwako: Mukantabana, mtoto wa wafugaji, alidhani kinachonenepesha mahindi kitanenepesha na samaki, akamwaga mavi ya ng'ombe kikapu baada ya kikapu. Maji yalikuwa yameoza.

Alitupa kombeo. Tukabomoa kwa mikono tuta lililotenganisha bwawa na kijito, maji yakaingia kwa kishindo. Kisha hatukuwa na la kufanya ila kusubiri. Nilisali kwa sauti, wala sioni haya. Mdomo mmoja ukazama. Mwingine. Jua lilipopanda, uso wa maji ulikuwa umetulia.

Tai alishuka mara mbili, akarudi na kucha tupu, akapiga ukelele.

"Leo njo utafunga, Padiri!" Mukantabana akamjibu, matope hadi kiunoni, huku analia.

Siku ya Pasaka Mbonigaba alikuja na ng'ombe wake kabisa. Mukantabana akavuta wavu mbele yake, ulikuja mzito. Mwanaume akageuza ng'ombe.

"Shemeji, kamata hata moja ya mboga!" Mukantabana akamwita, ameinua tilapia mmoja.

Hakugeuka. Mukantabana akamweka samaki yule juu ya tuta, akarudi nyuma hatua chache. Padiri hakukataa.