Nilivyochagua NAS ya nyumbani hapa Geita, na ng'ombe wa mzee wakanisaidia kuamua

Wakuu, salaam kutoka Geita.

Kuna mdau aliuliza hapa jukwaani anunue NAS gani ya kuwekea picha na muvi za nyumbani. Nikaanza kumjibu, comment ikarefuka mpaka nikaona aibu kuibandika kwenye uzi wa mtu. Nimeanzisha wangu. Yote haya yametokea ndani ya nyumba yangu, nilichobadilisha ni majina tu.

Kwa ambaye hajaifahamu, NAS ni kisanduku chenye hard disk ndani, unakichomeka kwenye router, basi kila simu, laptop na TV ya hapo nyumbani inakiona. Picha zinaingia zenyewe, muvi unaangalia kutoka humo.

Mimi ni fundi umeme kwenye plant ya kuchenjulia dhahabu. Nina mke, Mama Kabula, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yetu Kabula anayeanza kusoma.

Shida yetu ilianza na external disk. Picha zote za Kabula tangu anazaliwa zilikuwa humo. Siku moja ikaanza kutoa mlio wa tik tik tik, laptop ikawa inaiona mara haiioni. Nikapeleka kwa fundi Mwanza, akaokoa nusu. Nusu nyingine ikapotea, pamoja na ile video ya Kabula anapiga hatua ya kwanza kuelekea kwa mama yake.

Mama Kabula hakulalamika. Aliniuliza tu kama zile zilizookolewa nimeziweka sehemu mbili. Sikuwa nimeziweka.

Hapo nikaapa kununua NAS.

Sasa wakuu mnatujua mafundi. Nikazama kwenye review. Nikataka yenye bay nne, yaani nafasi nne za disk, processor nzito, RAM ya kuongeza, iweze kuchezesha muvi za 4K kwenye TV ambayo hata 4K yenyewe haina. Mara nikabadili mawazo, nikasema nijenge mwenyewe kwa kutumia desktop ya zamani. Miezi ikapita. Tabs zimejaa kwenye browser, kisanduku hakuna.

Katikati ya hayo baba yangu akaanguka.

Mzee anaishi Songwa, kule Kishapu, na mdogo wangu Masanja. Ni mfugaji wa maisha yote. Aliteleza lamboni akinywesha ng'ombe, nyonga ikavunjika. Akafanyiwa operesheni, salama, lakini daktari akasema akae mjini karibu na mazoezi ya viungo, na asirudi machungani mpaka atembee bila gongo la kutembelea.

Kwa hiyo akaja kwetu Geita.

Wakuu, mfugaji wa Kisukuma kumkalisha sebuleni kwenye nyumba ya geti ni mateso. Wiki ya kwanza alivumilia. Ya pili akaanza kuacha chakula. Asubuhi akisikia ng'ombe wa jirani analia anageuza kichwa dirishani. Akawa anasema nguvu zimesharudi, nimtafutie gari. Wakati huo kwenda chooni anashika ukuta.

Masanja akawa anatuma vipande vya video za ng'ombe kwenye simu yangu, kwa app ya kuchati. Naunganisha na TV, mzee anaangalia. Anakunja uso. App inabana video, zinafika zimefifia. Alisema hao ni ng'ombe wa kwenye ukungu, hawezi kujua nani kakonda na nani ana mimba.

Aliyekuwa anamtafuta zaidi ni mmoja, jike jekundu lenye paji jeupe, jina lake Ushirombo.

Niwape habari za huyu ng'ombe kidogo. Mama Kabula ni Msumbwa, kwao ni Ushirombo. Mzee alipokwenda kule kwenye mazungumzo ya mahari yetu, wakati wa kurudi alipitia mnadani akanunua mtamba. Alipoulizwa alisema hawezi kuacha ng'ombe wake wote Ushirombo halafu arudi mikono mitupu. Tangu hapo akimtania mkwe wake anamwambia, "Mayu, dada yako amekusalimia." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Mama Kabula hucheka na kuuliza dada amekula nini.

Sasa turudi kwenye kisanduku.

Jioni moja namwonyesha Mama Kabula ile desktop niliyokuwa naifungua. Feni inapiga kelele, nyaya zimetapakaa mezani. Akaniuliza swali ambalo kwenye review zote sikuliona.

"Ukiwa shift, baba akitaka kuangalia ng'ombe wake, nani atamwashia?"

Nikasema atawasha yeye. Akanikumbusha kwamba mchana yuko shule, na hata akiwepo, mkwe wa kike hakai kochi moja na baba mkwe kumshikia rimoti. Kwa mila zetu kuna heshima yake. Huwa anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, wanaongea vizuri tu, lakini kwa umbali.

Kwa hiyo kazi ikawa nyepesi ghafla. Nilihitaji kitu ambacho mzee wa Songwa, kwa rimoti, akibonyeza mara mbili anaona ng'ombe. Na ambacho Masanja, akiwa Songwa, akirekodi tu simu inapandisha video ikiwa nzima.

Bay nne nikaachana nazo. Nikachukua ya bay mbili, ya kampuni yenye app nzuri ya simu na ya TV, processor ya kawaida. Ile desktop nikaiuza.

Mambo ya kiufundi niliyojifunza, mniruhusu nisimamishe kisa kidogo hapa.

Disk nunua zile zilizotengenezwa kwa NAS, za kuwaka muda wote. Mjini kuna disk zilizotumika zinasafishwa zinauzwa kama mpya. Kabla hujaachana na muuzaji, mwambie aichomeke usome imeshawaka jumla ya saa ngapi. Akigoma, ondoka.

Mbili zikiwa mirror, moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu. Lakini hiyo siyo backup, wakuu. Ukifuta faili, linafutika kote kuwili. Nina external disk nyingine ninayonakilia kila mwezi, kisha inarudi kukaa kwa shemeji yangu kule Ushirombo. Nyumba ikiungua leo, picha zipo.

UPS, ile betri ya akiba, ni lazima. Umeme wetu mnaujua. Na ichomeke kwa waya wake wa USB ili NAS ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha.

Halafu laini nyingi za internet za huku hazikupi public IP, yaani anwani yako mwenyewe mtandaoni, kwa hiyo kuifikia kutoka nje kwa njia za kina port forwarding nilihangaika bure. Nikatumia huduma ya kampuni yenyewe ya kupitishia. Siyo ya kasi, ila Masanja alifanikiwa. Anapandisha asubuhi sana kabla ya kuwatoa ng'ombe, mtandao ukiwa mwepesi.

Siku ya kwanza mzee alipowaona ng'ombe wake kwenye TV wakiwa wazi, mpaka inzi anaonekana, alisogeza kiti. Akaanza kuwataja mmoja mmoja. Akagombana na mmoja aliyekuwa anampiga mwenzake pembe. Chakula cha mchana alikula chote.

Ikawa ndiyo ratiba. Akimaliza mazoezi, anaoga, anabonyeza rimoti. Kabula akitoka shule anakaa miguuni kwake, anafundishwa majina. Mtoto ambaye alikuwa haongei Kisukuma akaanza kutaja rangi za ng'ombe kwa lugha ya babu yake. Muvi zangu za 4K hazijawahi kupata nafasi.

Sasa wakuu, kuna siku nikawa plant, wakati wa mapumziko, nimefungua app ya picha kwenye simu. Asubuhi hiyo Masanja alikuwa amepandisha video ya Ushirombo. Mzee alikuwa ameshaniambia kwa simu kwamba Ushirombo amenenepa.

Nikaitafuta video ya leo. Haipo.

Iko wapi? Nikaikuta huko nyuma, miezi kadhaa iliyopita. Ndipo nikaelewa. Ile app ya TV inapanga kwa siku faili lilipoingia, kwa hiyo mzee anaona ni mpya. App ya picha inapanga kwa siku video iliporekodiwa. Nikatazama nyingine za wiki hizo. Za ng'ombe wengine zote za kweli. Za Ushirombo zote za zamani. Nilipoangalia vizuri nikaona hata nyasi alizosimama juu yake ni mbichi, wakati Kishapu yote muda huo ilikuwa vumbi.

Nikampigia Masanja. Akasema Ushirombo alikufa. Aliumwa ndigana, daktari wa mifugo alikuja, dawa haikushika. Akaogopa kwamba mzee akisikia ataondoka Geita hata kwa kutambaa. Akaona bora atume zile za zamani mpaka mguu upone. Alikuwa ana video zake nyingi, akasema, na kila akiituma moja alikuwa anaumia upya.

Sikumkasirikia. Ningekuwa mimi pengine ningefanya hivyo hivyo.

Jioni nikamweleza Mama Kabula jikoni. Akakaa chini. Nikamwambia naona tumwache mzee mpaka apone. Akatikisa kichwa. Alisema mzee kila siku anakaa pale anapanga ndama ajaye wa Ushirombo atampa nani, na yeye hawezi tena kupita hapo na chai huku anajua.

Kwa hiyo nikaingia sebuleni, nikazima TV, nikakaa kwenye kapeti mbele yake.

"Baba, Ushirombo amekufa."

Akauliza ugonjwa gani. Nikamwambia. Akauliza kama aliteseka. Nikasema Masanja alikuwa naye mpaka mwisho. Akauliza mtoto wake je, yule mtamba aliyemzaa. Nikasema mzima.

Akaomba simu, akampigia Masanja. Mdogo wangu akaanza kulia kabla hata ya shikamoo. Mzee akamwacha alie, kisha akamwambia taratibu:

"Masanja, nilichovunjika ni nyonga. Usinifiche ng'ombe wangu."

Akamshukuru kwa kuita daktari. Akamwambia kesho arekodi yule mtamba, ambaye hajawahi kuonekana peke yake.

Baada ya hapo akaniambia niwashe TV, niweke ile ya mwisho Ushirombo aliyorekodiwa kabla ya kufa. Halafu akaita kuelekea jikoni.

"Mayu, njoo tumwangalie dada yako."

Mama Kabula akaja. Alikisogelea kigoda chake, akakiacha. Akakaa kwenye ncha ya kochi la mzee. Tukamwangalia Ushirombo anakula majani, anafukuza inzi kwa mkia, anamgeukia Masanja kama anayemuuliza ana shida gani. Video ilipoisha mzee aliomba irudiwe.

Niliwaza angedai gari kesho yake. Hakudai. Alisema kama Masanja anamwambia kweli, basi anaweza kupona kwa utulivu.

Na alipona. Aliondoka kwetu anatembea mwenyewe, mkononi ana simu ya zamani ya Mama Kabula ambayo nimeiwekea app. Kabula ndiye aliyemfundisha kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

Somo langu kwa yule mdau na wengine ni hili: kabla hujauliza bay ngapi na RAM kiasi gani, jiulize nani ndani ya nyumba yako ataitumia ukiwa haupo, na anataka kumwona nani. Nunua ya mtu huyo. Hayo mengine ni disk nzuri, UPS, na nakala moja nje ya nyumba.

Sasa naomba ushauri wenu, maana nafasi inaisha. Mzee anarekodi kila siku, na nyingi anasahau kuzima. Kuna moja simu ilikuwa mfukoni, ni giza mwanzo mpaka mwisho. Nilitaka kuifuta, Mama Kabula akanishika mkono, akaongeza sauti. Zinasikika kengele za ng'ombe, mzee anapiga mluzi, na hatua zake kwenye changarawe, kulia, kushoto, kulia, bila mlio wa gongo.

Kwa hiyo hakuna kinachofutwa hapa. Mliowahi kubadilisha disk ndogo kwa kubwa kwenye mirror bila kupoteza kitu, nielekezeni mlianza na ipi. Na wenye wazee wao mbali, semeni mnawaonaje.