Sahani ya Peke Yake

Sifa na shukrani ni zako, Mungu uliyeumba kichwa cha mwanadamu na kila mshipa uliomo ndani yake.

Binti yangu alianza kuanguka kifafa akiwa darasa la tano. Kwetu Kenyamonta tuliamini kuwa povu la mgonjwa linaambukiza, hivyo akatengewa sahani yake na kikombe chake. Amri hiyo niliitoa mimi, mzee wa kanisa. Jumapili nilisaidia kugawa meza ya Bwana, na nyumbani mwanangu alikula peke yake kando ya jiko, miaka kumi na minane.

Mwaka huu tulipewa rufaa ya Mwanza, akapigwa picha ya ubongo. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu, aliniamkia shikamoo, kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Baba, ona hapa. Mishipa ya damu imejisokota. Alizaliwa nayo. Hii ndiyo inayomwangusha."

"Na povu lake?"

"Mate tu, baba. Kifafa hakiambukizi."

Moyo ulinidunda kama wa kijana! Nilimwomba anionyeshe tena, na tena, mpaka binti yangu akacheka: "Baba, kichwa ni changu, mbona unakitazama mpaka unakimaliza?"

Akapewa dawa za kumeza kila siku, na tarehe ya kuonana na mabingwa. Njia nzima ya kurudi niliwasimulia abiria habari ya mishipa, hata wasioniuliza.

Tulipofika nilichinja mbuzi. Nikaagiza sinia moja kwa wote, wake kwa waume, nikamketisha binti yangu katikati. Hakuna mkono ulionyooka. Wote walimtazama dada yangu, maana ndiye aliyeogopa kuliko sote.

"Nilikosea mimi," nikasema. "Mwanangu, unisamehe."

Akaitikia kwa kichwa, akamega tonge la ugali wa mtama, akachovya, kisha akashika mnofu.

Dada yangu akavuta kigoda. "Kaka, ni mishipa?"

"Mishipa."

"Ya kuzaliwa nayo?"

"Ya kuzaliwa nayo."

"Basi sogea, wewe binti! Hujui kula na watu? Huo mnofu ni wa shangazi yako!" Akampokonya mkononi, akautia kinywani mwake, na mikono yote ikaingia kwenye sinia kwa fujo na vicheko.

Nawe unayesoma, Bwana akulinde, akujalie mikono mingi kwenye sinia lako.