Kichwa Changu Kati ya Fito za Kitanda

"Mwalimu, kama hii kitanda iko salama, mbona kichwa yako imekataa kutoka?"

Mama Athieno aliniuliza hivyo mbele ya wanawake wa kijiji cha Mella. Uhuru ulikuwa mpya, mimi nimetoka chuo kikuu kufundisha malezi, na kila desturi ya wazee niliitilia shaka. Yeye alitaka mjukuu wake wa wiki mbili aendelee kulala mkekani, ubavuni mwa mamake. Mimi nikamwagiza seremala wa Busia atengeneze kitanda cha mtoto chenye fito zilizoachana, hewa ipite.

"Mtoto atanasa hapo," Mama Athieno alisema seremala alipokileta.

"Kichwa hakipiti. Tazama."

Nikapiga magoti, nikasukuma changu. Kikapita. Masikio ndiyo yakakataa kurudi.

"Mpake mafuta ya simsim," mmoja akasema.

"Mletee chai kwanza. Huyu atakaa sana."

Seremala alikata fito mbili kwa msumeno. Mtoto akarudi mkekani. Wacheke wanavyotaka, sijutii. Nilijaribu kwa kichwa changu kabla ya cha mtoto, na wasomi wangapi hupima wanachokihubiri?

Kosa kubwa zaidi halikuonekana siku ile. Ndani ya kitanda nilikuwa nimetandika mto laini, nikamwonyesha mama wa mtoto jinsi ya kumlaza kifudifudi, kama vitabu vilivyosema. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa mtoto mchanga hulazwa chali, bila mto, asije akazibwa pumzi.