Kidole Kwenye Kope za Farasi

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, tena mchana kweupe, hapa Lubumbashi, miaka ile Katanga ilipojitenga.

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, Mbelgiji, kwenye mazizi ya farasi. Kabla yangu, kazi ya kukaa kichwani pa farasi anayepasuliwa ilikuwa ya Ilunga, Muluba wa Kasai. Daktari akishamwaga dawa ya usingizi katika mshipa wa shingo na farasi akaanguka, Ilunga aligusa kope zake kwa kidole. Zikicheza, alisema "bado." Zikitulia, "tayari," ndipo kisu kiingie. Kisha watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa mjini. Ilunga akakimbilia kambi ya wakimbizi na watoto wake, nami nikapewa nafasi yake. Nilifurahi, niseme uongo wa nini?

Siku hiyo aliletwa farasi dume mwekundu, ana kipande cha bomu pajani. Tukamfunga kamba, akadungwa, akayumba, akaanguka puu. Nikapiga magoti, nikanyoosha mkono. Jamani, kidole kingine kilikuwa kimenitangulia! Ilunga alikuwa amechuchumaa mbele yangu, amevaa shati lake la kazi. Nzi walitufunika sote siku ile, ila kwake hakutua hata mmoja.

"Ndugu yangu, bado," akaniambia. "Iko inasikia."

"Alors, iko tayari?" daktari akauliza. Yeye hakumwona.

Ningesema nini? Kwamba Muluba aliyefukuzwa yuko hapa? Niliogopa kuonekana kichaa, na zaidi niliogopa kazi isije ikarudi kwa mwenyewe.

"Iko tayari, docteur."

Kisu kilipogusa nyama, farasi aliinuka na kamba zake. Alivunjika mguu, na goti langu akalivunja. Akapigwa risasi palepale, nami nimelala kando yake ninalia kama mtoto.

Baadaye mke wa Ilunga aliniambia kwamba mumewe alikufa kwa homa kule kambini, alfajiri ya siku ileile. Kazi niliiacha. Nachechemea mpaka leo, na usingizi wangu ni wa kuibia.

Nawe uliyekalia nafasi ya mtu aliyefukuzwa, nisikilize: akikujia, usimnyamazie. Ilunga hakuja kunilaumu, niamini. Alikuja kunisaidia kazi, nami nikamfukuza mara ya pili.