Kuni Zilizobaki Kibandani

Namtukuza Mungu, mwenye pumzi zetu mkononi mwake, aliyenipa uzee ambao sikuuomba na akili ya kukumbuka. Asubuhi hii nimemshukuru kwa maji ya kunawa, kwa macho ambayo bado yanaona, na kwa wajukuu wanaonisumbua. Nimemshukuru pia kwa yale ambayo mpaka leo sijayaelewa. Hayo ndiyo nitakayoyasimulia.

Serikali iliyaita mambo yale wizi wa mifugo. Sisi tuliokaa vijijini, kati ya Ushirombo na mapori ya kuelekea Geita, tuliyaita vita, kwa sababu watu walikufa kwa risasi. Vita ya Uganda ilikuwa imekwisha na vijana wetu waliokwenda walikuwa wamerudi. Lakini bunduki nyingine zilirudi kwa njia za porini, mikononi mwa watu tusiowajua. Zamani mwizi wa ng'ombe alikuja na fimbo, na mbwa akimbwekea alikimbia. Hawa wapya hawakukimbia.

Siku ile ilianza kama siku nyingine za kiangazi. Nilikuwa nimekaa juu ya mwamba nyuma ya nyumba pamoja na mama mkwe wangu, tukimenya viazi na kuvikata vipande vyembamba vya kuanika juani, michembe ya kutulisha hadi mavuno mengine. Nilimwita Mayu, kama wanavyoitwa akina mama kwetu. Alikuwa mjane wa mrina asali, mtu mfupi, mwenye mikono ya nguvu. Binti yangu Veronika, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado ananyonya. Nilimbeba mgongoni, amelala.

Mayu aliinua kipande kimoja nilichokata akakitazama kwenye mwanga.

"Mama Veronika, huu ni mchembe au tofali? Unajenga?"

"Kisu ni butu, Mayu."

"Kisu hicho hicho ndicho nilichokatia mimi."

Mume wangu Paulo alikuwa kivulini akichonga mpini wa jembe. Alicheka bila kuinua kichwa. "Mwache, mama. Tutayajengea zizi."

Zizi alilipenda. Alikuwa amechimba dhahabu Rwamgasa misimu miwili, akarudi na ng'ombe badala ya redio, na watu walimsifu kwa hilo.

Alasiri tukasikia mwano.

Mwano ni kilio kirefu cha kuomba msaada, kinachopandishwa juu kabisa na kukatwa ghafla. Kwetu anayeusikia hana ruhusa ya kuuliza. Mwanamume huchukua mkuki au upinde na kukimbilia kule unakotoka, na aliye mbali huupokea na kuupeleka mbele. Mtu aliyekaa nyumbani mwano ukilia, watu hawangemsaidia hata kumzika mamake.

Ulitoka upande wa mtoni. Wanaume wote wa kijiji walikimbia. Paulo aliutupa mpini, akachukua upinde, akaenda nao.

Mtoni hawakumkuta mtu. Nyasi hazikuwa zimekanyagwa. Walikuwa bado wanatazamana waliposikia bunduki nyuma yao, kijijini. Wezi wenyewe ndio waliolia mwano ule, ili wanaume watoke.

Mimi niliwaona wakiingia zizini kwetu. Walikuwa na makoti marefu. Mmoja alikuwa anakula kiazi chetu kibichi.

Mayu alinivuta kwenye shamba la muhogo tukalala chini. Nilimpa Veronika ziwa asilie.

Paulo alifika mbele ya wenzake wote, kwa sababu alijua ametuacha. Sikuweza kumwita.

Alipigwa risasi kwenye nyonga, karibu na zizi. Akaanguka, akatambaa, akaingia kwenye muhogo upande wetu.

Risasi ziliwatawanya wenzake, na ng'ombe wakatolewa. Wale watu wakawaswaga kwa njia ya Ushirombo, njia ile ile ya kwenda hospitali ya misheni. Wengine walibaki wakichoma nyumba. Kule chini hatukuwa na pa kwenda.

"Juu," alisema Mayu. "Kwenye kibanda cha baba yake."

Tulimpandisha Paulo mlimani, mimi bega moja na Mayu bega jingine. Nyonga ilifungwa kwa kanga yangu, na kanga ililowa kabla hatujafika kwenye mawe. Hakulalamika. Mara mbili tu aliomba tusimame.

Kibanda kilikuwa mahali ambapo miyombo inaota kati ya majabali. Kuta zake zilikuwa za magome ya miti, paa la nyasi, na upande mmoja uliachwa wazi. Ndani mlikuwa na kichanja cha kulalia, lindo, yaani pipa la gome la mti, lenye michembe na kibuyu cha asali, vijiti vya kupekechea moto vimechomekwa kwenye paa, na kuni kavu zimepangwa ukutani mpaka kifuani pa mtu. Warina asali waliweka sheria zamani: anayelala humo ale kinachokutwa, aote moto, na asubuhi kabla hajaondoka akate kuni nyingine kwa ajili ya mtu asiyemjua. Baba mkwe wangu alikuwa amekufa, lakini sheria ile ilikuwa haijafa. Kuni zile zilikatwa na mtu ambaye sikupata kumjua jina.

Hatukuwasha moto.

Mlima ule unaonekana kutoka kila upande. Mwanga wa moto ungewaambia wale watu tulipo. Miezi ile baridi ya mlimani huingia mpaka kwenye mifupa, na mtu aliyepoteza damu huisikia kuliko wengine. Tulimlaza Paulo katikati yetu, Veronika juu ya kifua chake. Mayu alimimina asali kwenye jeraha, akalifunga upya kwa kipande cha nguo yake. Aliongea kwa sauti ya chini na mume wake marehemu, akimwomba asimfungie mwanawe mlango wa uzima. Mimi nilisali rozari kwa vidole, kwa sababu rozari yangu ilikuwa inaungua nyumbani. Sikuona ubaya wowote sisi wawili kuomba kila mtu kwa anayemjua.

Paulo alitetemeka mpaka kichanja kikalia. Alinyoosha mkono akagusa zile kuni.

"Kuni zote hizi," alisema, "na mimi nakufa kwa baridi. Mzee angenicheka."

"Hufi," alisema Mayu.

"Basi nipe asali, mama. Nisife nikiwa na njaa."

Alilamba kidogo kidoleni mwa mamake. Baadaye aliniomba nimsomee sala ya kutubu. Niliisema polepole akaifuata. Tulipofika mwisho akaomba turudie, kwa sababu sehemu moja alikuwa amesinzia. Tukarudia.

Sitasema mengi juu ya usiku ule. Niliuomba upite, na nikaogopa upite, maana sikujua asubuhi ingemkuta akiwa hai.

Ilimkuta akiwa hai. Alipumua kwa taabu, lakini macho yalikuwa yake, na alimtambua mtoto.

Ndipo mwano ukalia bondeni.

Ulipanda, ukakatwa. Ukapanda tena, karibu zaidi.

Paulo alinishika mkono. "Waitikie. Wanatutafuta."

Anayetafutwa huitikia mwano kwa mwano, ili watu wajue waelekee wapi. Nilivuta pumzi, nikafungua kinywa.

Mayu aliniziba kwa kiganja chake.

"Mwano wa jana pia ulilia hivyo hivyo," alinong'ona.

"Mama," alisema Paulo.

"Jana pia ulilia hivyo hivyo, mwanangu."

Paulo alijaribu kuita mwenyewe. Sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu. Kiganja cha Mayu kilinuka asali na damu. Hakunibana kwa nguvu, ningeweza kukitoa. Lakini Veronika alikuwa mapajani pangu, na mimi pia sikujua ni nani anayelia kule chini.

Mwano ulilia mara nyingine, ukahamia ng'ambo ya bonde, ukafifia. Hatukuusikia tena.

Jua lilipokuwa juu, Paulo alisema anaona joto. Nilifurahi. Nilidhani baridi imemwachia. Aliweka mkono juu ya mgongo wa mtoto, akafa hivyo, bila kusema neno jingine.

Kivuli kilikuwa kimefika mlangoni jirani yetu Mzee Shija alipotukuta, yeye na wanaume wengine, wakifuata matone ya damu kwenye mawe. Alisimama, akavua kofia.

"Tulipita hapo chini alfajiri," alisema. "Tukalia mwano, hakuitikia mtu. Tukasema basi, huku hawapo."

Mayu alikuwa anamfunga mwanawe kidevu.

Wanaume walichomoa miti miwili ya paa, wakatengeneza machela, tukashuka. Niligeuka mara moja. Kuni zilikuwa zimepangwa vile vile tulivyozikuta.

Watu waliniuliza kama angepona lau angefikishwa hospitali asubuhi ile. Mganga wa misheni nilipomuuliza alitazama chini, akasema majeraha ya nyonga ni magumu. Sijui. Nimemwachia Mungu swali hilo, na yeye hajalirudisha kwangu.

Ng'ombe wengine walipatikana baadaye wakiuzwa mbali, kupita Kahama. Mwano wenyewe haukurudi kama ulivyokuwa. Kwa muda mrefu ulipolia, watu walikaa ndani wakisikiliza, kila mmoja akijiuliza ni nani anayelia. Ilibidi wazee waunde sungusungu na kuwapa walinzi filimbi, ili watu waamini tena kwamba anayeita ni mwenzao.

Niliishi na Mayu mpaka alipokufa. Kiangazi kilichofuata msiba tulipanda mlimani pamoja tukiwa na miti miwili na kamba, tukarudisha ile ya paa. Tukakata kuni pia, ingawa hatukuwa tumetumia hata moja. Tulifanya hivyo kila mwaka. Hakuwahi kusema neno juu ya kiganja chake, wala mimi sikusema. Alipokuwa amelala kwa ugonjwa wake wa mwisho, Veronika akiwa msichana mkubwa anamchemshia uji, alinishika mkono kama alivyonishika mwanawe.

"Mama Veronika. Ule mwano."

"Msikilize mjukuu wako anavyogongagonga sufuria, Mayu," nilimwambia. "Uliye naye ni huyo."

Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema uji utaungua, na ndivyo ilivyokuwa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie popote utakapolala ukute kuni zilizokatwa na mtu asiyekujua, na amani ya kuziwasha. Na siku utakapoita, akupe wa kukuitikia. Amina.