Nilisema Ananitania

Kosa ni langu, na leo simtafuti wa kumsingizia. Niliyemsingizia anatosha.

Mimi ni mkuu wa kitengo cha TEHAMA katika kampuni yenye zahanati kadhaa, kuanzia Lindi mjini hadi Kilwa Masoko. Mafaili yote ya wagonjwa yalikuwa kwenye seva moja, chini ya mikono yangu. Nilikuwa na mafundi watano. Mmoja wao ni Somoe, mwenyeji wa Mchinga, na kabila lake na langu ni watani. Mnaotoka huku mnajua maana yake! Tulitukanana tangu asubuhi hadi saa ya kutoka kazini, na hakuna aliyenuna.

Siku moja akaingia ofisini kwangu. "Mtani, seva yako inakohoa. Nimeshaipimia sanda."

"Kampimie babu yako!" nikamjibu, tukacheka.

Wiki iliyofuata akarudi. "Mtani, nimeifungua bakapu, tupu! Seva ikizima hatuna nakala ya hata faili moja. Tuombee diski mpya." Nikamwambia anapenda vitu vipya kama bibi harusi.

Mara ya tatu alinitumia picha kwenye simu. Taa nyekundu inawaka kwenye seva, na chini yake ameandika, "Marehemu mtarajiwa." Nikamrudishia kikatuni cha kucheka. Ee Mola wangu, kikatuni!

Jumatatu moja asubuhi seva ikazima na haikuwaka tena. Bakapu kweli ilikuwa tupu.

Mkurugenzi akatuita, akauliza nani alijua. Somoe akasema, "Bosi wangu nilimwambia, mara tatu." Hapo ndipo nilipofanya unyama. Nilitoa simu yangu, nikawaonyesha ile picha na kicheko changu. "Huyu ni mtani wangu," nikasema. "Alikuwa ananitania kama kawaida yake. Taarifa ya kikazi sikupewa."

Watu wakacheka. Kukagua bakapu ilikuwa kazi yake, kwa hiyo akafukuzwa wiki ileile, na mimi nikabaki kwenye kiti changu.

Haikupita miezi mingi, mama yangu akaugua ghafla kule Kilwa Kisiwani. Wakamvusha hadi zahanati yetu ya Masoko akiwa hajitambui. Faili lake lilikuwa na onyo kuhusu sindano moja ambayo mwili wake haupatani nayo. Faili hilo lilikwenda na yale mengine! Waliponipigia simu alikuwa ameshachomwa, na nilimkuta ameshafariki. Daktari hakusema kwamba ni ile sindano. Niliogopa kumuuliza, na mpaka leo naogopa.

Somoe alikuja msibani. Kwa desturi yetu mtani wa kike hujifunga kanga ya marehemu, akamuiga anavyotembea na anavyogomba, watu wakapata kucheka katikati ya kilio. Shangazi akamletea kanga ya mama. Somoe akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkeka, kisha akanijia pale nje.

"Shikamoo, bosi. Pole kwa msiba."

Miaka yote ile hakuwahi kuniamkia! Bora angenitukana mbele ya ukoo mzima. Akaenda zake.

Nyinyi mnaoongoza watu, nawaomba sana. Anayekwambia ukweli huku anacheka, cheka naye, halafu inuka ukaangalie hicho anachokichekea. Na ukikosea, usimtupie aliyekuonya. Nilidhani nimemfukuzisha mtu mmoja tu, kumbe wengine wote walikuwa wanatazama.

Siku hizi kitengoni kwangu hakuna utani. Nikiuliza seva mpya inaendeleaje, najibiwa, "Iko sawa, bosi."

Juzi nimepita mwenyewe kwenye chumba cha seva. Taa nyekundu inawaka. Mafundi wangu wote wanne walikuwa wameshaingia na kutoka asubuhi ile, na hakuna aliyeniambia.