Muvi ya Bulgaria Nyumbani kwa Gogo

Kazi yangu ni kutafsiri muvi. Nakaa nyuma ya watu kwa kibanda cha video pale Kiptere, nashika maikrofoni, Mchina akirusha teke mimi namsemea: leo utarudi kwenu ukiwa ndani ya gunia. Kichina sijui. Kikorea sijui. Kingereza nilifika nayo darasa la nane ikakataa kuendelea. Lakini watu wanacheka, na hakuna Mchina amewahi kuja kulalamika.

Kwa hivyo msichana wangu, yule nataka kuoa, aliponiletea flashi yenye muvi ya Bulgaria, sikushtuka. Yeye anasoma chuo kikuu hapo Kabianga, na mwalimu wao ndiye aliwaonyesha. Ni muvi ya kitambo, nyeusi na nyeupe, ilikuwa imeozea kwa stoo huko Bulgaria mpaka juzi juzi wakaisafisha. Nikamuuliza muvi inasafishwa aje, na sabuni gani. Akasema wanachukua picha moja moja, maelfu kwa maelfu, wanatoa mikwaruzo. Hiyo maneno ilinikaa kichwani siku nzima. Kwamba kuna mtu anakaa chini kupangusa uso wa mwanamke aliyekufa zamani, picha moja halafu ingine, ndio mimi wa Kiptere nimwone vizuri.

Inahusu nini? nikamuuliza. Akasema mapenzi yaliyokatazwa, wakati wa vita. Nikamwambia hiyo twende tukamwonyeshe gogo yako.

Gogo ndiye nyanya yake, na ndiye alimlea. Kwao hakuna kitu inaamuliwa kama gogo hajatingisha kichwa, na kwangu alikuwa amekataa hata kusikia jina. Mimi ni mtu wa ziwa, kabila ingine. Nimezaliwa hapa hapa Kericho, kwa nyumba za wafanyikazi, mama yangu anachuna majani chai tangu kabla nizaliwe, na ziwa lenyewe huwa naliona tukienda matanga. Lakini kwa gogo mimi ni wa ziwa tu. Na kuna miaka watu wa huku na watu wa huko walifukuzana na mishale na mapanga, na gogo aliona na macho yake. Bila yeye, hakuna koito, ile siku familia mbili zinakaa kuongea mambo ya posa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: muvi itaniombea. Na kwa vile muvi inaongea Kibulgaria, mwenye kuongea ni mimi.

Tulifika baada ya chakula cha mchana. Nikasema chamgei, gogo. Akaitikia, akaangalia viatu vyangu, akapanda pole pole mpaka usoni, kama mtu anakagua ndama kwa soko. Nikachomeka flashi kwa TV haraka.

Kwa hiyo muvi kuna msichana, baba yake ni fundi wa vyuma, anawekea farasi viatu. Jeshi la adui limeingia mji wao. Siku moja mwanajeshi kijana analeta farasi wake, na yeye na msichana wanaangaliana. Hiyo kuangaliana ilichukua muda mpaka nikaona haya. Kwa kibanda yetu watu wangekuwa wameanza kupiga miluzi.

Nikaanza kazi. Huyu kijana, nikamwambia gogo, ni kabila ingine lakini amezaliwa hapo hapo. Mama yake ni mchapa kazi. Pombe haonji. Gogo akauliza ng'ombe wake wako wapi. Nikasema wamefichwa juu ya vita. Akauliza kama hao wawili ni wa ukoo moja, maana kama ni hivyo basi waliokataza wamefanya vizuri na tuzime hiyo kitu. Nikasema koo ni tofauti, nimehakikisha. Msichana wangu alikuwa anaangalia dari.

Halafu mama wa msichana kwa muvi akamimina maziwa ya kuganda kwa bakuli, nzito, na gogo akavuta kiti mbele. "Kwani hawa nao wanakunywa mursik?"

Msichana wangu akamwambia ni kweli, Bulgaria wanajulikana kwa maziwa yao ya kuganda. Kuanzia hapo gogo aliwatazama kama majirani. Akataka kujua kibuyu yao ya maziwa wanasafisha na mkaa wa mti gani.

Ndio mvua ikaja. Ya alasiri tumeizoea, lakini hii ilikuwa ya mawe, na juu yetu ni mabati. Nilipiga kelele mpaka koo ikauma, sikujisikia hata mimi. Na nilikuwa nimepanga mwisho mtamu, harusi, fundi na adui wakicheza pamoja, kwa sababu ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimetazama nusu tu. Ikabidi tukae kimya, sisi watatu, tutazame.

Jeshi linapewa amri lichome nyumba zote za barabara ya mafundi. Wanakuja na moto mkononi. Yule kijana anatoka kwa wenzake, anaweka bunduki chini, anasimama kwa mlango wa fundi. Hasemi kitu. Wanamwita, anatingisha kichwa kukataa. Wanamchukua, wanaenda naye, na ile nyumba inabaki. Asubuhi msichana anafagia nje. Akifika kwa alama za viatu vya kijana, anazunguka na ufagio, anaziacha.

Mvua ilipopungua gogo alikuwa bado anaangalia kioo ya TV, na kioo ilikuwa imeshazima.

"Ulikuwa unanidanganya," akasema.

"Kidogo, gogo."

"Huyo kijana hajataja mama yake hata mara moja." Akanigeukia. "Siku watu wa huku wakienda kwenu na moto, ama wa kwenu wakikuja hapa kwangu, wewe utasimama wapi?"

Mimi huwa sikosi jibu. Hata hapo nilikuwa na mawili ya kuchekesha, yamekaa kwa ulimi. Nikameza yote.

"Nataka kusema kwa mlango wako," nikamwambia. "Lakini sijui, gogo. Hata huyo, nafikiri hakujua mpaka siku yenyewe."

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwa mabati.

"Mwambie mama yako akuje," akasema. "Peke yake kwanza. Wewe unaongea mingi. Nataka nisikie mtu anaongea kidogo."

Nikasema asante, gogo. Sikumwambia huu mdomo nilirithi kwa nani.